Jiko moja, walaji sita: tathmini ya jiko la umeme la presha la lita 6

Majiko ya umeme ya presha yamejaa Kariakoo kiasi kwamba unaweza kutembea mtaa mmoja ukayakuta kila baada ya milango miwili, na wauzaji wake wana sifa mbili wanazozirudia kwa kila mteja: yanaivisha maharage haraka na hayali umeme. Sifa zote mbili ni za kweli kwa kiasi kikubwa, nami nitazigusa mbele, lakini la kwangu sikulinunua kwa ajili hiyo. Nililinunua kwa sababu nyumbani kwetu, Tabata, tunakaa mezani watu sita tusiokubaliana chakula, na nilitaka kujua kama chombo hiki kingempunguzia mpishi adha ya kupika vyakula vitatu kwa mlo mmoja. Tathmini hii inajibu swali hilo, na mengine nayataja pale tu yanapolihusu.

Walaji wenyewe inabidi wajulikane kwanza. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwangu mchuzi usiotiwa nazi ni mchuzi uliokatishwa katikati. Mume wangu ni Mhaya ambaye hudai tui linamjaza tumbo, na ambaye akipewa ndizi na maharage siku zote saba za wiki hatalalamika hata mara moja. Mama mkwe, tunayekaa naye, ana shinikizo la damu na daktari amemwagiza apunguze chumvi na mafuta. Binti yetu aliye kidato cha tatu ameacha nyama kwa uamuzi wake mwenyewe, wala hapendi kuulizwa sababu. Mdogo wake wa darasa la pili hula karibu kila kitu mradi asione kitunguu; akikiona hukitoa kipande kimoja kimoja na kukipanga ukingoni mwa sahani, kwa utulivu wa fundi saa, hadi chakula chenyewe kinapoa. Wa sita ni dada anayetusaidia kazi za nyumbani, mwenyeji wa Singida, ambaye wali kwake ni kitafunio na mlo ni ugali.

Kabla ya jiko hili tulikuwa na jiko la gesi la pleti mbili, na bado tunalo. Ugumu wa nyumba ya namna yetu hauletwi na wingi wa vyakula peke yake. Chakula kigumu, yaani maharage, makande, makongoro au kuku wa kienyeji, kikishawekwa motoni hushika pleti moja kwa saa mbili au zaidi, na ile iliyobaki hugombaniwa na wali, ugali, mboga na mchuzi wa pili. Mpishi hujikuta kila jioni anaamua nani anyimwe, na kwa kawaida anayenyimwa ni yule asiyelalamika, ambaye kwetu ni mama mkwe. Chakula chake kilikuwa kile kile cha wote, akiambiwa achote mchuzi kidogo ili chumvi isimzidi, jambo ambalo ukilitazama vizuri si mapishi ya mgonjwa hata kidogo.

Nililolinunua ni la lita 6, lenye nguvu ya wati 1000, sufuria ya ndani iliyopakwa utando usioshika chakula, kifuniko kinachofungwa kwa kuzungushwa, na vitufe vyenye picha na maandishi ya Kiingereza. Kitabu cha maelekezo kilikuja kwa Kichina na Kiingereza tu, na ukivitazama vitufe utaona vilitungwa kwa ajili ya jikoni kwa watu wengine: kipo cha uji wa mchele na cha keki, cha makande wala cha ndizi hakipo. Hilo halina uzito mkubwa, kwani baada ya siku chache mpishi huachana na picha zote na kubaki na kile kitufe kimoja cha kupangia dakika. Utendaji wake hauna siri. Mvuke ukifungiwa ndani, mgandamizo hupanda na maji huchemka kwa joto linalozidi nyuzi 100, kwa majiko haya ni kati ya nyuzi 110 na 120 hivi, ndiyo maana punje ngumu hulainika kwa sehemu ndogo ya muda uliozoeleka. Walioko Mbeya na Njombe, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage huchelewa kuliko huku pwani, wataiona tofauti hiyo kuliko sisi.

Kwa nyumba yenye matakwa mengi, faida kubwa ya jiko hili ni kwamba linamruhusu mpishi kuchelewesha kuyagawa mapishi. Chakula kigumu kinapikwa kitupu, bila chumvi, bila mafuta, bila nazi na bila kitunguu, kinaiva wakati pleti zote mbili za gesi ziko huru, halafu ndipo kila mlaji anafikiriwa peke yake kwa dakika kumi za mwisho. Chumvi ikishaingia haitoki, nazi haitoki, na kipande cha nyama ukikiopoa kwenye mchuzi bado mchuzi unabaki wa nyama. Vitu visivyotoka vinaingia mwisho, kila kimoja katika sufuria ya anayekitaka. Mpishi mwenye jiko la mkaa au la gesi anaweza kufanya hivyo pia, hakuna anayemkataza, ila maharage yanapoiva saa mbili usiku na watoto wanasinzia, hakuna mwenye moyo wa kuanza kugawa sufuria tatu.

Nitaeleza jioni ya maharage kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayojirudia. Maharage ya njano, nusu kilo na ushee, huoshwa na kutiwa maji yanayoyapita kwa vidole viwili, na hapo sufuria haijafika nusu. Kikomo hicho cha nusu kinahusu nafaka na jamii zote za kunde, kwa sababu hutoa povu na povu likipanda huziba valvu ya mvuke. Vyakula vingine vinaweza kufika theluthi mbili. Yasiyolowekwa nayapa dakika 40 za mgandamizo, yaliyolowekwa tangu asubuhi dakika 20, nayo hutoka laini kiasi cha kupondeka kati ya vidole viwili bila ngozi kuachana na punje. Lakini dakika hizo huhesabiwa baada ya jiko kupata mvuke, na kupata mvuke kwenyewe huchukua dakika 10 hadi 15, halafu mvuke ushuke wenyewe kwa muda kama huo au zaidi. Muuzaji aliyeniambia “dakika ishirini tu, mama, unakula” alikuwa anauza biashara yake. Kwa hesabu ya kweli, maharage yasiyolowekwa ni saa moja na robo, na bado ni pungufu mno ya saa mbili na nusu za zamani, tena saa hiyo na robo huna haja ya kusimama jikoni kuongeza maji.

Yakiiva, kifuniko kinafunguliwa na chakula kinagawanywa mara tatu. Fungu la kwanza ni la nazi: kitunguu na nyanya vinakaangwa kwenye gesi, halafu maharage na tui jepesi, na tui zito linawekwa mwishoni moto ukiwa mdogo. Kitunguu cha fungu hili husagwa pamoja na nyanya kwenye blenda, kwa hiyo mwanangu hula kisichoonekana. Yeye hajui, nami sina mpango wa kumwambia. Fungu la pili hurudi kwenye jiko la presha pamoja na ndizi zilizomenywa, maji kidogo na chumvi, kwa dakika 8, na hicho ndicho chakula cha mume wangu. Fungu la tatu, ambalo ni dogo, huchotwa kabla ya mengine hayajaguswa na kupikwa kwenye kikaango kwa nyanya, karoti, pilipili hoho na kijiko kimoja cha mafuta, kisha hukamuliwa ndimu wakati wa kuepua ili ukali wake uzibe pengo la chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na mtu mwenye shinikizo la damu hawezi kuyalinda mashauri hayo ikiwa chumvi yake inatiwa na mkono wa mtu anayepikia watu sita. Siku hizi mama mkwe anapita mlangoni mwa jikoni na kuuliza, “Mwanangu, langu umeshalitoa?” Kabla ya hapo hakuwahi kuwa na chake cha kuulizia.

Dada wa Singida huhudumiwa na gesi. Ugali haupikwi kwenye jiko hili, na yeyote anayekuambia unapikika hajawahi kuusonga. Sufuria ya ndani haina masikio wala pa kushikilia, ukianza kusonga inazunguka pamoja na mwiko, na mwiko wenyewe unachubua ule utando. Hii ni kasoro ambayo hakuna mtengenezaji anayeitaja, na kwa nyumba nyingi za Tanzania ina maana kwamba jiko hili haliwezi kamwe kuwa jiko pekee. Mtu anayepanga kuuza jiko lake la gesi kwa sababu ya tangazo aliloliona asubiri kwanza.

Siku ya nyama ndiyo inayoupima uvumilivu wa wote. Nyama ya ng'ombe ya kawaida inalainika kwa dakika 25 hadi 30, kuku wa kienyeji kwa kadiri hiyo hiyo kulingana na umri wake, makongoro kwa saa moja, na pweza, ambaye mama yangu Tanga alimpiga kwanza na mchi kabla hajamfikisha jikoni, anakuwa laini kwa dakika 20 na kuacha mchuzi wake mwenyewe. Kwa pweza peke yake ningeweza kuliandikia jiko hili sifa za ukurasa mzima. Lakini sufuria ya ndani ni moja, na binti yetu anahitaji choroko au dengu zake zisizopita kwenye nyama. Utaratibu tunaoufuata ni choroko kwanza, ambazo hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 12 hivi, kisha zinahamishiwa kwenye hotipoti, sufuria inaoshwa, na nyama inafuata. Kwenye karatasi utaratibu huu ni safi. Mezani ulikuja na swali.

“Mama, hizi choroko zina nyama?”

“Hazina.”

“Mbona zinanukia supu?”

Zilikuwa zinanukia supu kweli, na harufu ilitoka kwenye ule mpira mweupe unaozunguka ndani ya kifuniko. Mpira huo hunywa harufu ya kila kilichopikwa, hasa nyama, vitunguu saumu na bizari ya pilau, na huirudisha kwenye mvuke wa chakula kinachofuata. Kuuosha kwa sabuni hakutoshi. Maji ya moto yenye siki au ndimu husaidia kwa sehemu, kuuanika juani husaidia zaidi, na dawa ya kweli ni kuwa na mipira miwili, mmoja wa nyama na pweza, wa pili wa nafaka, kunde na vitu vitamu. Tuliutia wa pili alama ya kalamu ya wino mzito ili dada asiuchanganye. Tangu hapo malalamiko ya supu yamekwisha, na ningeshauri kila nyumba yenye mtu asiyekula nyama, au yenye mtu asiyevumilia harufu ya dagaa, isilinunue jiko hili bila kuhakikisha mpira wa pili unapatikana.

Katika boksi kulikuwa na kigoda kidogo cha chuma cha kuwekea bakuli juu ya chakula kinachochemka chini, na hiki ndicho wauzaji hukitumia kusema kwamba jiko linapika vyakula viwili kwa wakati mmoja. Linapika, ila kwa kipimo. Bakuli la chuma linaloingia humo huku kifuniko kikifunga linatosha chakula cha mtu mmoja au wawili. Viazi vitamu vya mama mkwe nimevipika hivyo juu ya nyama ya wengine, na vimetoka vizuri. Mchele kikombe kimoja kwa ajili ya mtoto aliyeamka na homa, vilevile. Kwa binti yetu njia hiyo haifai, kwa sababu mvuke wa nyama hugeuka matone na kudondokea ndani ya bakuli hata ukilifunika na sahani, naye huyatambua kwa pua.

Samaki sikupi ushauri mwingine ila usimwingize humo. Changu na kolekole husambaratika wakabaki miiba na uzi wa nyama. Mchicha na matembele yanageuka uji wa kijani kabla hujamaliza kufunga kifuniko. Kisamvu ndicho kinachostahili, maana ni mboga inayotaka moto mrefu. Nakichemsha kwanza kifuniko kikiwa wazi ili mvuke wake wa mwanzo utoke, kisha nakifunga, na baada ya hapo fungu moja linapata nazi na jingine karanga zilizosagwa. Kisamvu cha karanga ni kimoja kati ya vyakula vichache ambavyo sote sita tunakula bila kujadiliana, na kabla ya jiko hili tulikipika mara chache tu kwa mwezi kwa kuogopa gharama ya gesi.

Tui lina masharti yake. Likiingia mwanzoni, likafungiwa na kuchemshwa kwa mgandamizo, hukatika: mafuta huelea juu na chini hubaki maji yenye chembechembe. Hii ndiyo sababu nyingine ya kulitia mwishoni, kifuniko kikiwa kimeondolewa, na kwa bahati nzuri inakwenda sambamba na matakwa ya mume wangu, ambaye chake huwa kimeshachotwa. Nyanya nazo zikiwekwa chini kabisa bila maji ya kutosha hushika, na jiko huandika kosa kwenye kioo chake na kukataa kuendelea hadi ukwangue.

Wali na pilau vinaiva vizuri ila vinahitaji maji machache kuliko sufuria ya kawaida, kwa kuwa hakuna kinachopotea kwa mvuke. Mchele wa Kyela usipopunguziwa maji unatoka bokoboko. Pia hautoi ukoko. Kuna watu wataliona hili jambo dogo, lakini nyumbani kwetu ukoko wa pilau una wateja wawili, mmoja wao akiwa mtu mzima mwenye kazi ya ofisini, na siku ya kwanza ya pilau ya presha walinitazama kana kwamba nimewadhulumu. Pilau imerudi kwenye gesi na mkaa kidogo juu ya mfuniko.

Lipo onyo moja la afya ambalo halikuandikwa mahali panapoonekana. Jiko hili, kama mengi ya aina yake, lina kitufe cha kupika polepole kwa moto mdogo kwa saa nyingi bila mgandamizo, na mtu mwenye shughuli anaweza kushawishika kuacha maharage mekundu humo kutwa nzima. Maharage mekundu mabichi yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo usiofika kuchemka hauimalizi. Inamalizwa na kuchemka kikamilifu. Kwa maharage tumia kitufe cha mgandamizo, basi.

Sasa umeme. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, shilingi 1,000 kwenye LUKU hununua uniti 2.8 hivi, ambayo ni sawa na shilingi 357 kwa uniti moja. Jiko la wati 1000 likiwaka mfululizo kwa saa nzima linakula uniti moja. Lakini hili haliwaki mfululizo, kwani likishapata mgandamizo hujizima na kujiwasha kwa vipindi, kwa hiyo sufuria ya maharage haiwezi kufika shilingi 360 na kwa kawaida huwa chini yake sana. Kwa wale walio kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hesabu inatakiwa iwe ya uangalifu zaidi: uniti ni nafuu mno kwao, lakini kupika kila siku juu ya friji na taa kunaweza kuwavusha kikomo hicho, na wakivuka bei hubadilika. Katika Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, na bila shaka majiko haya ni sehemu ya safari hiyo. Itasaidia sana kama mpishi wa kipato kidogo hataadhibiwa kwa kufuata mwito huo.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, chakula hakiharibiki, kwa sababu mvuke uliomo huendelea kupika kwa muda. Kinachopotea ni hesabu ya dakika: umeme unaporudi, jiko huanza upya kana kwamba halikuwa na kazi. Nimezoea kuandika kwenye simu saa niliyoanza. Lililo baya zaidi ni uniti kuisha, kwa sababu hapo huwa ni usiku, mita inalia pale ukutani, na kila mtu ana njaa. Kifuniko kisilazimishwe kufunguka kabla pini ya usalama haijashuka, hata kama mtoto analia. Mvuke wa nyuzi 110 hauna msamaha. Waya wake uchomekwe ukutani moja kwa moja, kwani ile mikebe ya soketi tunayoichomekea televisheni, redio na chaja za simu hupata moto.

Bei niliyolipa ni shilingi 180,000, baada ya kushushiwa kutoka 220,000, pamoja na blenda ndogo ya bure ambayo haikumaliza mwezi. Duka nililonunulia, ambalo halihitaji kutajwa, lilitoa dhamana ya mwaka mmoja kwa maneno matamu na risiti isiyo na jina la mtu. Niliporudi kutafuta mpira wa pili niliambiwa mipira haiuzwi peke yake na kwamba ni bora ninunue jiko jingine. Niliupata kwa fundi wa vyombo vya umeme Buguruni, aliyeutoa kwenye jiko lililoungua. Yeyote anayekwenda kununua aulize vipuri kabla ya kuuliza bei, kwa sababu mpira huchakaa baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jiko la presha lenye mpira uliolegea ni sufuria ya kawaida yenye waya.

Nyumba ya watu wawili wanaokula kitu kimoja haina sababu kubwa ya kutoa fedha hizo, isipokuwa kama maharage na makande ni chakula cha kila siku. Nyumba yenye mgonjwa wa shinikizo la damu, mtoto mchaguzi na mtu asiyekula nyama itapata thamani ya fedha yake ndani ya miezi michache, mradi tayari ina jiko jingine la kusongea ugali na kukaangia. Lita 6 zinatutosha sisi sita kwa shida siku za makande, kwa kuwa ile sheria ya nusu sufuria inapunguza ukubwa halisi hadi lita 3. Wenye familia ya watu wanane watafute la lita 8. Sufuria ya pili ya ndani, ambayo ndiyo ninayoitafuta sasa ili choroko zisisubiri nyama, huuzwa katika baadhi ya maduka ya Kariakoo, ila kipenyo hutofautiana kwa milimita chache kati ya chapa na chapa, kwa hiyo nenda na ya kwako mkononi ukaipimishe hapo hapo dukani.